Mgeni Abishe Hodi Mwenyewe

Kama kundi lenu linasoma Theosofia, falaki, taroti, Kabala au elimu nyingine ambayo watu wamezoea kuiita ya siri, na wewe umepewa kazi ya kulitangaza mtandaoni, jua kwanza nani amekutangulia. Kabla tangazo lako halijamfikia msomaji, simu yake imeshapokea mara nyingi ujumbe wa namna hii:

"Umechoka na umaskini? Jiunge leo na familia ya Illuminati upate gari, nyumba na umaarufu ndani ya saa 24. Hakuna kafara ya binadamu. Nafasi zimebaki chache. Njoo WhatsApp sasa hivi uongee na ajenti mkuu."

Msomaji hana muda wa kupambanua nani mkweli na nani tapeli. Anatupa jicho mara moja, analinganisha, anaamua. Ukifanana na huyo ajenti, utablokiwa na kuripotiwa, na jina la kundi lenu litaingia kapu moja na la matapeli. Wengi hudhani tangazo huonekana taka kwa sababu limetumwa mara nyingi mno. Wingi unachangia, lakini hauelezi mambo yote. Ipo chaneli inayoposti kila siku na watu wanaisubiri, na upo ujumbe mmoja tu unaomfanya mtu aitupe simu kitandani. Kinachowakimbiza watu ni sura ya utapeli, na sura hiyo ina viungo vyake. Tuufungue ujumbe ule kipande kwa kipande, maana kila ulichonacho cha kujifunza kimo humo.

Cha kwanza ni ahadi. Kundi la kweli la elimu ya ndani haliahidi mali, na likiahidi limeshajiweka lenyewe upande wa matapeli. Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyewahi kuwaongoza Freemason wa Afrika Mashariki, aliwaeleza waandishi wa habari tena na tena, hadi alipofariki mwaka 2017, kwamba uanachama haumpi mtu utajiri. Wapo waliomwamini, wapo waliokataa katakata. Lakini alisema kwa jina lake na kwa uso wake, akakana ahadi ambayo ingemletea umati mlangoni. Fanya hivyo hivyo. Andika mahali panapoonekana kwenye ukurasa wenu kwamba hamtibu magonjwa, hamrudishi wapenzi, hamsafishi nyota za biashara na hamkopeshi fedha. Maneno hayo yatawaondoa wengi waliokuja kwa sababu isiyokuwepo, na waliobaki watajua wamekuja kufanya nini.

Cha pili ni haraka. "Leo", "sasa hivi", "nafasi chache". Nyingi kati ya elimu hizi zina umri mrefu, hakuna kitu ndani yake kinachokwisha muda Ijumaa usiku. Maneno ya haraka yafute yote, hata pale ambapo kweli viti vya ukumbi ni vichache. Mkijaa, mtawaambia wageni kuna wiki ijayo.

Cha tatu kinahitaji tukae nacho kidogo, nacho ni kujificha. "Ajenti mkuu" hana jina, hana ofisi, hana mtu anayemfahamu. Waandishi wengi wa makundi yetu hudhani kufichaficha kunanogesha, kwamba ukiweka picha ya mtu aliyejifunika kofia nyeusi na mshumaa mmoja gizani, watu watavutika. Kosa hili ni la kale. Mwaka 1623 mabango yalibandikwa mjini Paris yakitangaza kwamba ndugu wa Msalaba wa Waridi, yaani Rosicrucian, wamo mjini, wanaoonekana na wasioonekana. Hayakutaja jina la mtu wala mahali pa kuwapata. Mji ukajaa uvumi. Mwaka huo huo msomi Gabriel Naudé akaandika kitabu cha kulishambulia jambo lote, na mwanafalsafa Descartes, aliyekuwa amerudi Paris akakuta anasemwa kuwa mmoja wao, kwa mujibu wa mwandishi wa maisha yake ilibidi ajitokeze kwa rafiki zake waone kwamba si mtu asiyeonekana. Yaani tangazo lilifika kila mahali, na halikuzaa kitu ila hofu na kicheko.

Sasa mtazame Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2011. Utabiri wake ulichapishwa magazetini, akihojiwa, akipingwa na masheikh na wanasiasa, akichekwa vijiweni. Mimi sikubaliani na kila alichotabiri. Lakini hakuna aliyemwita mtu asiyejulikana. Picha yake ilijulikana, jina lake lilijulikana, na mwenye hasira naye alijua pa kuzipeleka. Hiyo ndiyo tofauti ya msingi. Kundi lenu liwe na mtu mmoja au wawili walio tayari kuonekana: mwenyekiti au katibu, jina kamili, picha halisi, namba inayopokelewa. Kama hakuna hata mmoja kati yenu aliye tayari, ahirisheni kujitangaza, endeleeni kusoma wenyewe kwa wenyewe. Hamwezi kumwomba mgeni awaamini huku ninyi mnaogopa kujulikana.

Picha nazo ziwe zenu. Piga picha chumba mnachokutania kikiwa na viti vyake vya plastiki, rafu ya vitabu, ubao wenye maandishi ya wiki iliyopita. Wanachama ambao hawajaridhia wasionekane hata kisogo. Fuvu, damu, moto, nyoka na macho yanayong'aa waachie wengine.

Kipande cha nne ndicho kinachonisikitisha zaidi: "Hakuna kafara ya binadamu." Nani alikuwa ameuliza? Kanusho ambalo halikuombwa hupanda wazo pale ambapo halikuwepo. Kukataa ahadi na kukana jinai ni mambo mawili. La kwanza linajenga, la pili linatisha. Na hofu yenyewe si ya kupuuzwa hata kidogo. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kilifi, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge kula. Mama akiona mwanawe anafuatilia kundi lenye alama asizozijua, ana haki yote ya kushtuka. Hofu hiyo haiondolewi kwa maneno. Inaondolewa kwa vitu ambavyo mtu anaweza kwenda kuvihakiki: kwamba kundi limesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya kama mko Tanzania, au kwa Msajili wa Vyama kama mko Kenya, kwamba mnakutana mchana, mahali pa wazi, kwamba mgeni anaruhusiwa kuja na mzazi, mke, mume au rafiki, kwamba hamwapokei walio chini ya miaka 18. Haya yaandike. Usajili hasa usiuone kama karatasi tu. Kenya ina sheria ya uchawi tangu 1925 na Tanganyika tangu 1928, zote bado zinatajwa mahakamani, na zinamgusa mtu anayejinadi kuwa na nguvu za uchawi. Anayejitambulisha kama kundi la kusoma na kutafakari, akaishi hivyo kweli, hana sababu ya kutangaza "nguvu".

Mwisho wa ujumbe ule kuna mwaliko wa kwenda pembeni: njoo WhatsApp, njoo inboksi. Tapeli lazima akutenge, kwa sababu mbele za watu hoja zake hazisimami. Wewe pindua mpangilio. Kila la msingi liwe hadharani, na mawasiliano ya faragha yaanzishwe na mgeni, si na wewe. Kuna mfano wa zamani ninaoupenda. AMORC, jumuiya ya Rosicrucian iliyoanzishwa Marekani mwaka 1915 na Harvey Spencer Lewis, ilijulikana kwa matangazo madogo kwenye majarida ya kawaida, yale ya mafundi na wapenda sayansi. Chini ya tangazo palikuwa na kuponi. Msomaji aliikata, akaituma kwa posta, akaletewa kijitabu bila malipo. Lugha ya matangazo yale ilikuwa na chumvi, hiyo usiige. Iga utaratibu: mtu anasoma peke yake, anaamua peke yake, anachukua hatua ya kwanza yeye, na anachopata ni kitu cha kusoma kabla hajaonana na mtu yeyote. Leo hiyo kuponi ni linki ya kijitabu cha kurasa chache kinachofunguka bila kudai namba ya simu. Ukimlazimisha mtu ajaze fomu kwanza, umerudi kwa ajenti mkuu.

Tangazo lenyewe basi liweje? Tuseme kundi lenu ni la Theosofia, ambayo si ngeni kwetu; Jumuiya ya Theosofia ilianzishwa New York mwaka 1875, na wanachama wake wapo Nairobi na Dar es Salaam tangu enzi za ukoloni. Ningeandika hivi:

"Habari za jioni ndugu zetu. Jumamosi hii saa 10 alasiri tunaanza kusoma pamoja The Key to Theosophy, kitabu cha Helena Blavatsky cha mwaka 1889 kilichoandikwa kwa maswali na majibu. Tunasoma kurasa chache, tunatafsiri kwa Kiswahili, tunajadili. Hakuna kiingilio na hakuna kujiandikisha. Huhitaji kuacha dini yako. Kati yetu wapo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Tunamaliza saa 12. Ukumbi, ramani na namba ya katibu viko hapa chini."

Hakuna cha kustaajabisha humo, na ndiyo maana linafaa. Limeanza na salamu. Hilo dogo lina uzito kwetu: matapeli huingia moja kwa moja kwenye umaskini wako, au hukuita "mpendwa" ilhali hawakujui. Linataja kitabu ambacho mtu anaweza kukitafuta mwenyewe akakisoma asije kabisa. Linataja saa ya kumaliza, jambo ambalo mzazi wa binti wa chuo ataliangalia kabla ya jingine lolote. Na linajibu lile swali la dini ambalo kila mtu analo moyoni. Ila sentensi ya Waislamu, Wakristo na Wahindu iandikwe pale tu ambapo ni kweli. Kama wote ninyi ni wa dini moja, iache.

Pa kuliweka ni swali jingine. Kwenu kwanza: ukurasa wenu, chaneli yenu, stetasi za wanachama wenye hiari. Magrupu ya watu usiyaguse bila ruhusa ya admini, na ukiomba ruhusa, mtumie tangazo lote alisome kabla hajakujibu. Grupu la wazazi wa darasa la nne, grupu la ukoo, grupu la jumuiya ndogo ndogo, hayo hata ukipewa ruhusa achana nayo. Na grupu la msiba usilikaribie kabisa. Najua kuna wanaosema aliyefiwa ndiye anayetafuta majibu kuhusu roho na kifo, kwa hiyo ndiye wa kumwendea. Mimi nasema huyo ndiye wa kumwacha. Aliyefiwa wiki hii, anayeuguliwa na mtoto, aliyefukuzwa kazi jana, hana nafasi ya kupima anachoambiwa, na kundi linalojazwa na watu walioingia wakiwa wamevunjika moyo halikawii kuwa kundi la mtu mmoja anayewaamrisha wengine. Akija mwenyewe, mpokee, msikilize, mwambie hakuna haraka. Usimtafute.

Namba za simu ulizozikuta kwenye grupu moja si mali yako kuzihamishia kwingine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata pasingekuwa na sheria, mtu anayejikuta asubuhi ameingizwa kwenye grupu lenye jina la ajabu atatoka na kuripoti, na hatasahau. Kufowadi nako kuna mipaka yake: tangu 2019 WhatsApp hairuhusu ujumbe mmoja kufowadiwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na ujumbe uliozunguka sana huwekewa mishale miwili. Mishale hiyo msomaji ameshaijua. Tangazo la mwaliko likifika nayo, limekufa. Kwa rafiki yako mmoja andika upya kwa maneno yako, ukianza na jina lake, na shikamoo kama ni mkubwa wako.

Kati ya grupu na chaneli, chagua chaneli. Sababu yake ni nzito kuliko urahisi wa kuposti. Kwenye grupu la kawaida kila mwanachama anaona namba za wenzake. Picha moja ya skrini inatosha kumfikisha mwalimu wa shule ya kanisa mbele ya bodi, au kumtia binti wa sheikh kwenye matatizo nyumbani. Kwenye chaneli wafuasi hawaonani namba. Mtu anaweza kusoma mwaka mzima pasipo wafuasi wenzake kujua, akaja siku anayotaka au asije kamwe. Grupu lifungulieni wale tu waliokwisha kufika ukumbini na kuomba wenyewe kuingizwa, na kabla hujamwingiza mwambie waziwazi kwamba namba yake itaonekana.

Kuhusu cha kuposti, kuwa mkarimu. Toa elimu yenyewe, usitoe matangazo ya elimu. Chukua neno Illuminati, ambalo vijana wetu wanalisikia kila msanii akinunua gari jipya. Wachache wanajua kwamba lilikuwa jina la chama kilichoanzishwa tarehe 1 Mei 1776 na Adam Weishaupt, profesa wa sheria huko Ingolstadt, Bavaria. Kwamba kilikuwa cha wasomi waliotaka kupunguza nguvu za kanisa na wafalme. Kwamba mtawala Karl Theodor alikipiga marufuku miaka ya 1784 na 1785, kikafa. Yasimulie hayo kwa dakika tatu, kwa Kiswahili kizuri, ukiwa umekaa mbele ya rafu yenu ya vitabu, na umalize bila kumwalika mtu popote. Video hiyo watu wataisambaza wenyewe kwa sababu imewapa kitu cha kumwambia jirani. Baada ya kadhaa za namna hiyo, siku utakapotaja Jumamosi na saa, watakuwa wanakufahamu. Mara moja kwa wiki, siku ile ile, inatosha kabisa. Kundi dogo likijilazimisha kuposti kila siku huishia kuokota picha za watu na misemo isiyo na mwenyewe.

Mkiamua kulipia matangazo Facebook au Instagram, kumbukeni kanuni za Meta zinakataza tangazo linalodokeza kwamba linamjua msomaji: dini yake, afya yake, hali yake ya fedha. "Unasumbuliwa na nuksi?" litakataliwa, na lingestahili kukataliwa hata pasingekuwa na kanuni. Tangu Januari 2022 Meta pia iliondoa uwezo wa kulenga watu kwa dini na mambo nyeti ya namna hiyo. Lenga mji wenu na wapenda vitabu, weka bajeti ndogo, na tangaza kitu kimoja chenye tarehe: mhadhara au usiku wa kutazama nyota.

Jina likishajulikana, watakuja wa kuliiga. Hermetic Order of the Golden Dawn, iliyoanzishwa London mwaka 1888, ilichafuliwa mwaka 1901 pale wanandoa walioitwa Horos walipotumia taratibu zake kuwahadaa watu, wakafikishwa mahakamani na kufungwa. Magazeti yakaliweka jina la kundi katikati ya kashfa ambayo halikuifanya, na wanachama wakalazimika kulibadilisha. Leo kuiga ni rahisi zaidi, picha yako na nembo yenu vinanakiliwa kwa sekunde. Kwa hiyo bandika juu kabisa ya ukurasa tangazo lisiloondoka: hatumwanzi mtu inboksi, hatuna maajenti, ada yetu ni kiasi hiki kwa mwaka na inalipwa kwa akaunti au Lipa Namba yenye jina la kundi tu. Kiasi kitajwe kwa tarakimu. Ada inayosemwa kwa kunong'ona ndiyo inayozua maneno. Mkipata ukurasa bandia, waambieni wafuasi siku hiyo hiyo, na utajeni wazi.

Halafu kuna siku mtu atabisha hodi kweli. Atauliza swali lile lile la damu, au la Freemason, au atatukana. Usikasirike, na usimtumie linki kumi. Mjibu alichouliza kwa sentensi mbili tatu, mwambie mnakutana lini, kisha nyamaza. Asipojibu, usimkumbushe. Akitaka kubishana kuhusu Mungu usiku wa manane, mwambie kwa upole kwamba mjadala huo ni mtamu zaidi ana kwa ana, na aje na maandiko yake. Akiuliza habari za kutibiwa, mwelekeze hospitali, au kwa mganga wa tiba asili aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kama ndicho anachotaka na yuko Tanzania. Ninyi si mahali pake.

Na akija mara mbili akaacha kuja, futa namba yake kwenye orodha ya katibu akiomba tu, siku hiyo hiyo, bila kumuuliza sababu. Wanachama waambiwe wasimpigie kumbembeleza. Atakutana nao sokoni, na atakachowaambia wengine kuhusu namna alivyoondoka kitasikilizwa kuliko chochote mtakachoposti mwaka huo.